Somo: Kuhamisha kurasa kwenye InDesign bila kuvuruga kushoto na kulia

Umepanga jarida kwenye InDesign, programu ya kupanga kurasa za vitabu na majarida. Limeshakamilika, halafu mhariri anataka makala ya ukurasa wa 10 ije mbele. Kuhamisha kwenyewe ni kazi ya sekunde chache. Ila ukikurupuka, kurasa nyingine nazo zinaharibika. Sevu kwanza nakala ya faili kwa jina jingine, kisha tuendelee.

1. Fungua paneli ya Pages kupitia menyu ya Window. Kwenye Windows, F12 inatosha.

2. Amua unahamisha ukurasa mmoja au jozi nzima. Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo twende taratibu. Hati ya kurasa zinazotazamana huanza na ukurasa wa 1 peke yake, upande wa kulia. Kisha 2 na 3 hukaa pamoja, 4 na 5 pamoja, hivyo hivyo hadi mwisho: namba witiri kulia, namba shufwa kushoto. Sasa chukua ukurasa wa 10 peke yake uuweke baada ya wa 3. Uliokuwa wa 4 unakuwa wa 5, unaruka kutoka kushoto kwenda kulia, na wenzake wote hadi wa 9 wanafuata mkondo huo. Ile picha kubwa uliyoitandaza juu ya 6 na 7? Kurasa zake sasa ni 7 na 8, hazitazamani tena, na picha imekatika. Ungehamisha 10 na 11 kwa pamoja, kila ukurasa ungebaki upande wake.

Kuchagua jozi, bofya namba zilizo chini ya vipicha vya kurasa kwenye paneli ya Pages, si kipicha chenyewe.

3. Buruta hadi unapotaka. Usiachie mausi mpaka uone mstari wa wima unaoonyesha kurasa zitakapoingia.

4. Hati ikiwa ndefu, acha kuburuta. Nenda Layout, Pages, Move Pages, andika 10-11, chagua After Page, weka 3. Mimi naipenda zaidi njia hii, maana mkono hautelezi paneli inapokimbia.

5. Kagua. Namba za kurasa zilizowekwa kwa alama maalumu zitajibadilisha zenyewe. Ulizoandika kwa mkono hazitabadilika. Orodha ya yaliyomo nayo inasubiri uiambie: bofya fremu yake (kisanduku kinachobeba maandishi), kisha Layout, Update Table of Contents. Na kila palipoandikwa "inaendelea ukurasa wa 12", papitie kwa macho.

MASWALI

Mwalimu, nimehamisha ukurasa, sasa mwisho wa habari unatangulia mwanzo wake. Nini hiki?
– Fremu zako zimeunganishwa. Maandishi hufuata muungano wa fremu, hayajali namba ya ukurasa. Washa Show Text Threads kupitia View, Extras, uone mistari inakokwenda. Rudisha nyuma, kisha uhamishe kurasa zote za makala hiyo kwa mkupuo.

Mkuu, na sisi tunaotumia programu ya CorelDRAW?
– View, Page Sorter View, kama toleo lako linayo, halafu buruta. Kwa programu ya Illustrator, ambako kurasa huitwa artboards, mpangilio ndani ya paneli ya Artboards ndio utakaotoka kwenye PDF.

Nina kijitabu cha kurasa 8 cha kupigwa pini katikati. Niweke 8 na 1 pamoja?
– Hapana, tafadhali. Panga 1 hadi 8 kama msomaji atakavyofungua. Print Booklet (amri ya InDesign ya kuchapa vijitabu), au mchapaji wako, ndiye atakayepanga karatasi: 8 na 1, nyuma yake 2 na 7, kisha 6 na 3, nyuma yake 4 na 5. Mkipanga wote wawili, kurasa zitatoka shaghalabaghala. Na jumla ya kurasa lazima igawanyike kwa 4.

Kuna jozi moja sitaki itengane kabisa.
– Ichague, fungua menyu ya paneli, ondoa tiki kwenye Allow Selected Spread to Shuffle. Namba zake zitaingia ndani ya mabano ya mraba.