Jinsi ya Kuchagua Mbinu ya Kuongeza Kiasi cha Mafuta Yanayotolewa Ardhini

Uganda inakadiriwa kuwa na mapipa bilioni 6.5 ya mafuta ghafi chini ya ardhi ya eneo la Ziwa Albert, lakini yanayotarajiwa kutolewa ni bilioni 1.4 tu, yaani takribani pipa moja katika kila mapipa matano. Asiyeifahamu kazi hii hudhani kwamba tofauti hiyo inatokana na uzembe au ubovu wa mitambo. Sivyo. Mafuta hayakai ardhini kama maji ndani ya tangi. Yamo katika vitundu vidogo vya mwamba, vingi vikiwa vyembamba kuliko unywele, na sehemu kubwa hubaki humo hata visima vikichimbwa kwa ustadi. Mwongozo huu unamwelekeza mhandisi chipukizi au mwanafunzi wa jiolojia namna ya kuamua ni mbinu ipi itumike kupunguza kinachobaki.

Usianze na orodha ya mbinu. Anza kwa kuuliza kwa nini mafuta yamebaki, kwa kuwa sababu zake ni tatu na kila moja ina tiba yake: nguvu ya kuyasukuma imekwisha, au kinachoyasukuma kimeyapita kando, au yameng'ang'ania ukuta wa mwamba. Fedha nyingi zimepotea kwa kutibu sababu ya tatu mahali ambapo tatizo lilikuwa la kwanza.

Pima mgandamizo kabla haujashuka

Hifadhi, yaani tabaka la mwamba lenye mafuta, ikiwa bado changa husukuma mafuta yenyewe, kwa sababu mwamba na vimiminika vilivyomo vimebanwa na uzito wa ardhi iliyo juu yake, na ndani ya mafuta mna gesi iliyoyeyuka. Chukua sampuli ya mafuta kutoka chini ya kisima ikiwa bado na mgandamizo wake, kisha maabara ikuonyeshe ni mgandamizo gani ambao gesi huanza kujitenga. Hali ni kama ya chupa ya soda: ukiifungua, gesi hutoka na kinachobaki chupani hupooza. Hifadhi iliyopoteza gesi yake hubaki na mafuta mazito zaidi na yasiyo na msukumo, na kuyarudisha katika hali ya awali ni kazi ngumu na ya gharama. Kwa hiyo uamuzi wa kuingiza maji au gesi ufanywe mapema, mgandamizo ukiwa bado juu ya kiwango hicho.

Maji ndiyo mbinu ya kwanza kufikiriwa, nayo ndiyo iliyoenea kuliko zote. Iligunduliwa kwa bahati katika eneo la Bradford, Pennsylvania, mwishoni mwa karne ya 19, pale maji ya tabaka za juu yalipopenya kwenye visima vilivyochakaa na visima vya jirani vikaongeza mafuta. Sheria ya jimbo ilikuja kuiruhusu rasmi mwaka 1921. Kanuni yake ni nyepesi kuitamka: kila ujazo unaotolewa katika hifadhi ulipwe kwa ujazo ulio sawa wa maji. Kuitekeleza ni jambo jingine. Maji yakisukumwa kwa nguvu inayozidi uwezo wa mwamba, mwamba hupasuka na maji hukimbilia kwenye ufa. Maji yasiyo na chumvi yanaweza kuvimbisha udongo wa mfinyanzi ulio ndani ya mwamba na kuziba vitundu. Maji ya bahari yana salfeti, aina ya chumvi, ambayo ikikutana na metali ya bari (bariamu) iliyoyeyuka katika maji ya hifadhini huunda magamba magumu ndani ya mabomba. Hivyo pima maji yako dhidi ya mwamba wako na dhidi ya maji uliyoyakuta humo, kabla ya kununua pampu hata moja.

Ekofisk, katika sehemu ya Norwei ya Bahari ya Kaskazini, ni somo la kutosha. Uzalishaji ulianza mwaka 1971 kwa matumaini ya kutoa asilimia 17 tu ya mafuta yaliyomo, lakini baada ya maji kuanza kuingizwa kwa wingi mwaka 1987 matarajio yamepanda hadi takribani nusu. Hata hivyo mwamba wake ni wa chaki, na chaki hulainika inapolowa. Sakafu ya bahari iliyokwisha kuanza kutitia iliendelea kutitia, na mwaka huohuo wa 1987 majukwaa yalilazimika kuinuliwa kwa mita 6.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki kuna jambo la ziada. Mafuta ya Ziwa Albert yana nta nyingi, ndiyo maana bomba la kilomita 1,443 linalokwenda Chongoleani, Tanga, limesanifiwa kupashwa joto. Nta hiyo haitambui mpaka wa bomba na hifadhi: maji ya baridi yakiingizwa ndani ya mwamba yanaweza kuigandisha palepale. Katika hifadhi ya Mangala, Rajasthan, India, ambayo mafuta yake nayo yana nta, maji hupashwa moto kabla ya kuingizwa. Mwanafunzi wa Hoima au wa Turkana atafaidika zaidi kwa kuisoma Mangala kuliko kusoma visima vya Uarabuni.

Maji yakipita kando

Mnato wa mafuta, yaani uzito wake wa kutiririka, ukizidi sana ule wa maji, maji hayasukumi mafuta. Huyapenya kwa vidole virefu hadi kwenye kisima cha uzalishaji, na kuanzia hapo unatoa maji uliyoyaingiza mwenyewe. Dalili yake ni maji kutokeza mapema na kuongezeka haraka. Dawa ni kuyafanya maji kuwa mazito kwa polima (kemikali yenye molekuli ndefu), au kuyafanya mafuta kuwa mepesi kwa joto.

Polima imetumika kwa kiwango kikubwa Daqing, China, tangu mwaka 1996, nayo imeongeza takribani asilimia 10 ya mafuta yote yaliyokuwamo tangu mwanzo, juu ya yale yaliyotolewa na maji matupu. Huko Marmul, kusini mwa Omani, mnato wa mafuta ni takribani 90 kwa kipimo cha sentipoisi, wakati maji ya hifadhini hayafikii hata 1, nako polima inaingizwa. Angalia mambo matatu kabla ya kuiga: chumvi nyingi hupunguza nguvu ya polima za kawaida, joto kali huzivunja, na vali nyembamba huzikatakata njiani, ukajikuta unaingiza maji ya bei ghali.

Mafuta yakiwa mazito zaidi ya hapo, tumia mvuke. Hifadhi ya Kern River, California, iliyogunduliwa mwaka 1899, imeishi hadi leo kwa mvuke. Mbinu hii hufaa hifadhi zisizo na kina kirefu, kwa kuwa mvuke hupoteza joto njiani, na huhitaji nishati nyingi ya kuchemshia maji. Kuchoma sehemu ya mafuta humohumo ardhini pia kunawezekana, ila moto usiouona ni mgumu kuuongoza, nami singeushauri kwa anayeanza.

Mafuta yaliyong'ang'ania

Sufuria iliyopikiwa nyama haitakati kwa maji matupu hata uyamwage kwa nguvu kiasi gani, inataka sabuni. Ndani ya mwamba kazi hiyo hufanywa na kemikali za jamii ya sabuni, ambazo hulegeza mvutano kati ya mafuta na maji, au na hewa ya ukaa, ambayo ikifikia mgandamizo wa kutosha huchanganyika kabisa na mafuta, huyavimbisha na kuyafanya mepesi. Sabuni ina kasoro moja: mwamba wenyewe huinyonya, na gharama hupanda. Hewa ya ukaa imetumika Texas tangu mwaka 1972, na Weyburn, Kanada, tangu mwaka 2000, ikipelekwa kwa bomba la takribani kilomita 320 kutoka kiwanda cha kugeuza makaa ya mawe kuwa gesi huko North Dakota. Asiye na chanzo cha uhakika cha gesi hiyo karibu asijisumbue na hesabu zake.

Jaribu mahali padogo

Maabara ikikubali, bado hujapata ruhusa ya kwenda hifadhi nzima. Pitisha kimiminika chako kwanza kwenye vipande vya mwamba halisi, kwa joto na mgandamizo wa hifadhini, kisha chagua eneo dogo lenye kisima cha uzalishaji katikati na vinne vya kuingizia pembeni. Tia kifuatilizi, yaani kemikali inayotambulika kirahisi majini, katika kila kisima cha kuingizia, cha aina tofauti, ili ujue maji yanayotoka yametokea upande gani na yametumia siku ngapi. Kifuatilizi kikifika ndani ya siku chache pale ulipotarajia miezi, pana ufa au tabaka linalopitisha mno, nalo lizibwe kwanza, kabla ya kumwaga kilo moja ya polima.