Ngano hutakiwi kula, lakini chakula cha Kihindi bado unakula

Nilipoambiwa nina siliaki, ugonjwa ambao gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, inaumiza utumbo, na ngano ndo basi maisha yote, kilichoniuma sio mkate, ni naan, ule mkate bapa wa Kihindi. Nikajua chakula cha Kihindi nimeshaagana nacho. Kumbe sivyo, ila kuna vitu lazima uvijue kabla hujakaa mezani.

Anzia kusini mwa India. Kule chakula kinabebwa na mchele, dosa (kama chapati nyembamba ya maji) na idli (vitumbua vya mvuke) ni mchele na urad (choroko nyeusi) vimelowekwa vikasagwa vikaachwa usiku kucha vichachuke, ngano haimo kabisa. Ila ukiona neno rava kwenye menyu, rava dosa sijui rava idli, ruka, maana rava ni semolina na semolina ni ngano ileile.

Sasa mtego mkubwa, na huu ulinitesa miezi kabla sijaujua, ni kiungo kinaitwa mvuje. Mvuje wenyewe ni utomvu wa mmea, mkali mno, kwa hiyo ule wa unga unaouzwa kwenye vikopo unachanganywa na unga mwingine ili upoe, na mara nyingi ni wa ngano. Halafu wanautia kwenye dengu na sambar (mchuzi wa dengu na mboga) ili tumbo lisijae gesi, yaani unakula bakuli la dengu ukiamini uko salama kumbe ngano ndo imeingia hapohapo. Kwa kupika nyumbani soma kikopo, upo uliochanganywa na unga wa mchele, tafuta huo.

Mgahawani usiulize "hiki kina gluteni?" maana wengi watakujibu hakina kwa nia njema kabisa, uliza vitu vyenyewe. Mvuje wenu una unga gani? Bajia mnazikaangia mafuta ya sambusa? Bajia ni unga wa dengu, safi, lakini zikishaingia mafuta yaliyokaanga sambusa hazikufai tena. Na kuku tikka muulizie tanuri, kwa sababu naan zinabandikwa ukutani mwa tandoori hiyohiyo anayochomewa kuku. Mchuzi pia uliza kama umezidishiwa uzito na unga, korma ya kweli uzito wake ni mtindi na korosho zilizosagwa.

Kama unatamani mkate wa kuchovya, Wahindi wenyewe wanayo isiyo ya ngano, Punjab kuna makki di roti ya mahindi inaliwa na saag ya majani ya haradali, Rajasthan wana roti ya uwele, Maharashtra wana bhakri ya mtama. Migahawani ni adimu kwa hiyo jifunze kuipika, na siri ni maji ya moto, mimina kwenye unga, kanda ukiwa bado na joto kisha usisukume kama chapati, utandaze kwa kiganja taratibu maana hauna kitu cha kuushika, ukiharakisha unapasuka pembeni. Ya kwanza na ya pili zitavunjika, endelea tu.

Vitamu: gulab jamun na jalebi kwa kawaida vina maida, yaani unga mweupe wa ngano, viache. Agiza kheer, mchele uliochemkia kwenye maziwa na iliki mpaka ukawa mzito, hakikisha tu ni ya mchele kweli maana kuna inayopikwa kwa tambi.