Simu ilale ukumbini, we ulale chumbani

Jamani mie haya ya kupunguza simu siandiki kwa ujuzi, naandika kwa sababu ya mkate wa kumimina. Ramadhani nlikuwa na oda, mkate uko kwenye mkaa, moto juu moto chini, nkasema ngoja nitizame Wasapu dakika moja tu kuna mteja kauliza bei, kuja kuinua kichwa moshi umejaa jikoni mpaka jirani anapiga hodi kuuliza kuna nini. Dakika moja yangu ilikuwa nusu saa. Na huyo mteja wala sikumjibu, nlikuwa natizama video za watu hata hawanijui.

Kwanza usianze kwa kuapa. Nimeapa mie weee, asubuhi naapa adhuhuri nshairudia. Anza kwa kutizama hesabu yako. Kama simu yako ni Android ingia kwenye setingi utafute Digital Wellbeing, ya iPhone inaitwa Screen Time, utaona masaa uliyokaa nayo na mara ngapi umeifungua. Yangu ilisoma masaa sita na kitu kwa siku, yani mtoto anakwenda skuli anasoma anarudi mie bado nimeinamia simu. Nlidhani imekosea.

Ukishashtuka, zima notifikesheni zote ubakishe za watu wanaokupigia na wanaokuandikia wewe. Habari za mpira, gemu, duka la nguo, zote zima. Magrupu sasa, maana kila mtu ana grupu la ukoo, la harusi, la tuliosoma pamoja, la mtaa... usitoke kwenye grupu la ukoo utasemwa mpaka uchoke, wewe linyamazishe tu, Wasapu inakuruhusu kulinyamazisha moja kwa moja na hakuna atakaejua. Ukipata nafasi yako jioni unaingia unasoma unatoa pole na hongera zako unatoka.

Kubwa kuliko yote ni chumbani. Simu isilale na wewe. Mwanga wa skrini usiku unauchelewesha mwili kutoa melatonini, ndo homoni inayouambia mwili kwamba usiku umeingia tulale, lakini mie naona mwanga si tatizo peke yake, tatizo ni kile unachokisoma, umesoma ugomvi wa watu saa sita usiku utalala vipi? Mie chaja nimeihamishia ukumbini, iko kwenye swichi ya mbali karibu na mlango, nikiitaka sharti niinuke. Uvivu wangu ndo ulionisaidia, si imani. Ila ukiiweka chini ya mto ukasema ntajizuia, hujizuii. Na usinambie unaiweka kwa ajili ya alamu ya daku, sokoni Darajani saa za mezani zipo tele, na msikiti uko nyuma ya nyumba.

Mnaukumbuka umeme ulivyokatika Unguja Disemba 2009 ukaja kurudi Machi 2010? Simu tulikuwa tunazipeleka kuchaji kwenye maduka yenye jenereta, ikizima imezima, watu wanakaa barazani mpaka usiku. Siombi ukatike tena, hali ilikuwa ngumu, lakini kulala nlikuwa nalala.

Macho: tukitizama skrini tunapepesa kidogo sana, ndo yanakauka na kuwasha. Kila dakika 20 tizama kitu kilicho mbali kama mita 6 kwa sekunde 20, hata mnazi wa jirani. Shingo nayo, kichwa cha mtu mzima kina kama kilo 5, ukiinama sana uzito unaoingia shingoni unafika karibu kilo 27, yani zaidi ya nusu polo la mchele la kilo 50. Inua simu ije usoni, usiifate wewe.

Watoto ndo pagumu maana bibi yao akitaka wanyamaze anawapa simu, na bibi humwambii kitu. Shirika la Afya Duniani 2019 lilisema mtoto ambae hajafika mwaka asitizame skrini kabisa, wa miaka 2 mpaka 4 isizidi saa 1 kwa siku. Mie bibi sikumkataza, niliweka neno la siri tu. Alininunia siku mbili.

Wengine wanauliza kansa. Mwaka 2011 wataalamu wa shirika hilohilo waliyaweka mawimbi ya simu kwenye kundi la "huenda", kwa kuwa ushahidi wenyewe ni mchache. Mie ananitisha zaidi dereva wa daladala anaechati huku anakata kona, huyo mwambie hapohapo, usione haya.

Kama unafanya biashara kwa simu kama mie, waandikie wateja kwenye status kwamba oda unajibu baada ya alasiri na baada ya isha. Nlidhani ntawapoteza, wamezoea. Na ukinunua hiyo saa Darajani, ijaribu kengele palepale dukani kabla hujalipa, ya kwangu ya mwanzo ilikuwa inalia saa tisa mchana.