Sevisi inakula RAM mdogo mdogo mpaka inakufa? Usiiristati kwanza, ipime

Nina VPS (seva ya kukodi mtandaoni) ya RAM GB 1, ndani yake kuna sevisi ya Python inapokea taarifa za malipo ya simu alafu inamtumia mteja SMS, basi, kitu kidogo tu. Ila kila baada ya siku nne hivi ilikuwa inakufa, tena usiku, asubuhi ndo unapigiwa simu "mbona nimelipa sijaona meseji". Nikaiwekea kroni (cron, kazi inayojiendesha yenyewe kwa ratiba) ya kuiristati saa tisa usiku nikajiona mjanja. Karibu mwezi mzima nimeishi hivyo, kumbe kila nikiristati nafuta ushahidi wote, prosesi (programu ikiwa inakimbia) ikianza upya huna tena cha kuchunguza, unabaki kukisia.

Kwahiyo ikikutokea, kwanza hakikisha shida kweli ni memori. Andika `free -h` na usihangaike na safu ya free, hiyo inatisha watu bure. Linux haipendi RAM ikae tupu, inaijaza kwa kashe ya mafaili (nakala za mafaili yaliyosomwa karibuni) na inaiachia programu ikiihitaji. Safu ya kuangalia ni available. Kama available bado ina mamia ya MB, tulia, huna tatizo la memori, tafuta kwingine.

Alafu uliza kama prosesi imekufa yenyewe au imeuliwa:

`journalctl -k | grep -i "killed process"`

Ukikuta mstari hapo, keneli (kiini cha Linux) ndo imeua kwa sababu RAM iliisha. Kwenye kontena (mfano Docker) utaiona kama kodi ya kutokea (exit code) 137, yani 128 kujumlisha 9, na 9 ndo ile signo ya kuua bila kubembeleza. Angalizo moja hapa: aliyeuliwa sio lazima awe ndo mkosaji. Keneli mara nyingi inachagua mwenye memori nyingi kwa wakati ule, kwahiyo unaweza kukuta databesi imeuliwa wakati anayevuja (yani anachukua memori bila kuirudisha) ni mwingine kabisa kajificha pembeni, na wewe unamaliza wiki nzima unahangaika na mipangilio ya databesi ya watu.

Sasa pima. Chukua namba ya prosesi (tuseme 4312) na hii iache inakimbia ndani ya tmux (dirisha la amri linaloendelea hata ukitoka kwenye seva):

`while true; do echo "$(date +%T) $(ps -o rss= -p 4312)" >> ~/rss.log; sleep 60; done`

Hiyo namba inaitwa RSS, yani RAM ambayo prosesi imeishika kwa sasa, na ni kilobaiti. Usichanganye na ile ya Memory unayoiona kwenye `systemctl status`, ile inahesabu na kashe ya mafaili ambayo sevisi imeyasoma, plus prosesi zake zote, so huwa inakuwa kubwa kuliko hii. Acha siku nzima, mbili kama unaweza, kisha angalia umbo la namba. Kwa kweli hapa ndo kazi yote ilipo, umbo linakuambia ugonjwa. Ikipanda ikafika mahali ikatulia, hapo hakuna kuvuja, ni saizi yake tu, labda ulikodi VPS ndogo. Ikikaa chini alafu ikaruka MB 300 kwa mkupuo, kuna kazi moja inabeba mzigo wote mara moja, mara nyingi ni ripoti iliyoandikwa na `fetchall()` kwenye tebo ambayo mwaka jana ilikuwa na mistari elfu mbili na leo ina laki tano, isome kwa vipande tu itaisha. Ila ikipanda ngazi baada ya ngazi na haishuki hata usiku wa manane wakati hakuna mteja, hapo unavujisha.

Yangu ilikuwa ya ngazi. Kwa Python dawa iko humo humo ndani, inaitwa `tracemalloc`, ipo tangu 3.4. Juu kabisa ya programu weka `tracemalloc.start(10)`, alafu piga picha mbili, moja sevisi ikishachangamka kama nusu saa hivi na nyingine baada ya masaa kadhaa:

`a = tracemalloc.take_snapshot()`
`b = tracemalloc.take_snapshot()`
`for s in b.compare_to(a, "lineno")[:10]: print(s)`

Picha ya kwanza usiipige sekunde ya kuwaka, maana utaona laibrari zinapakiwa utadhani umepata mwizi. Na ujue yenyewe inapunguza spidi na inakula memori kiasi, usiisahau ikiwa imewashwa. Mi niliifunga kwenye SIGUSR1 (ishara unayoweza kuitumia prosesi kutoka nje) ili nikituma `kill -USR1` inaandika kwenye logi bila kugusa sevisi.

Kwangu mstari wa kwanza kabisa ulikuwa `dict` (kapu la Python la kutunza vitu kwa ufunguo) niliyoiandika mwenyewe, aibu. Mtandao wa simu usipopata jibu haraka unarudia kutuma taarifa ile ile, so nilikuwa naweka kila namba ya muamala kwenye `dict` ili nisitume SMS mara mbili. Naweka, naweka, naweka, sikuwahi kutoa hata moja, na kila namba nimeiambatanisha na taarifa nzima ya malipo! Niliihamishia kwenye tebo ya databesi yenye ufunguo usioruhusu kurudia, `dict` nikaifuta.

Wengine wa kuwashuku ni jamii hiyo hiyo. `lru_cache(maxsize=None)`, ile inayokumbuka majibu ya fankshoni, haina kikomo (ukiiacha bila kuandika kitu kikomo chake ni 128), `Queue()` (foleni) bila `maxsize` nayo inapokea mpaka kesho kama anayetoa ni mzito kuliko anayeweka, na ile listi ya juu kabisa ya faili uliyoweka "kwa muda tu" kukusanya makosa. Wa Node (JavaScript ya kwenye seva) mkiona onyo la MaxListenersExceededWarning msilizime kwa kuongeza namba, jamani, linamaanisha kitu kimoja kimeshapewa wasikilizaji zaidi ya 10 na huenda kuna sehemu unaongeza bila kuondoa.

Kuna hali moja inachanganya: tracemalloc inakuambia kila kitu kimetulia ila RSS inapanda tu. Hapo ama laibrari ya C inavuja, ama ni malloc (kigawa memori) ya glibc, laibrari ya msingi ya C kwenye Linux nyingi. Kwenye mashine ya biti 64 inaruhusu arena (mafungu ya memori ya kugawia thredi) mpaka mara 8 ya idadi ya kora, kwahiyo sevisi yenye thredi nyingi inaishia na vipande vya memori vilivyotapakaa ambavyo havirudi kwa keneli. Jaribu kuweka `Environment=MALLOC_ARENA_MAX=2` kwenye faili la sevisi kabla hujaanza kusoma kodi ya mtu. Kama uko kwenye Alpine usihangaike nayo, kule wanatumia musl sio glibc, haitafanya chochote.

Wakati bado unatafuta, weka uzio ili isiue na wenzake. `systemctl edit` sevisi yako, chini ya `[Service]` andika:

`MemoryHigh=350M`
`MemoryMax=450M`
`Restart=on-failure`

High inaibana na kuipunguzia mwendo, Max ikifika inauliwa yenyewe tu, databesi inabaki salama, na on-failure inaiinua tena. Gunicorn (seva ya kuendeshea programu za Python za wavuti) nayo ina `--max-requests`, inayoristati kila mfanyakazi wake baada ya idadi fulani ya maombi, ongeza na `--max-requests-jitter` wasife wote dakika moja. Hizi ni plasta lakini, sio dawa.

Ukisharekebisha usitangaze ushindi siku hiyo hiyo, rudisha ile loopu ya RSS (prosesi mpya namba mpya, mi nilisahau nikapata faili la mistari yenye saa tupu) na uiache zaidi ya muda iliokuwa inachukua kufa. Yangu ilikuwa inakata roho siku ya nne ikiwa imepita MB 700, leo ni siku ya kumi na moja iko MB 94, na kroni ya saa tisa, niliyoizima tangu naanza kupima, jana ndo nimeifuta kabisa.