Kufungua Bolti ya Puli ya Krenki Iliyogoma

Bolti inayowasumbua wengi wanaojitengenezea magari yao ni ile iliyo katikati ya puli ya krenki (ekseli kuu ya injini inayozungushwa na pistoni), kwa sababu huwezi kuifikia sili ya oili ya mbele kabla ya kuiondoa, na kwenye injini zenye mkanda wa taimingi (unaoziendesha valvu sambamba na krenki) huwezi kuufikia hata mkanda wenyewe. Nitaeleza jinsi ya kuifungua kwenye injini ya Toyota 1NZ-FE, ambayo imo katika Probox na IST nyingi na baadhi ya Vitz zinazotembea katika barabara zetu, ingawa utaratibu huu unafaa kwa injini nyingine nyingi. Ifahamike kwanza kwamba mara nyingi bolti hii haikushikwa na kutu. Imekazwa kwa makusudi, na mtu anayeichukulia kama bolti yenye kutu anaweza kupoteza siku nzima akiimwagia mafuta ya kulegezea bila mafanikio.

Kiwandani hukazwa kwa Nm 128 (newtonmita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha), na baada ya miaka mingi ya kupata joto na kupoa huweza kudai nguvu kubwa zaidi ya hiyo ndipo ianze kusogea. Hesabu yake ni nyepesi: kwa mpini wa sentimita 25 utahitaji kuvuta kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 52 hivi ili kufikia Nm 128, lakini ukiurefusha mpini kwa bomba la chuma hadi mita 1, kilo 13 zinatosha. Hata zile injini za Honda ambazo bolti yake hukazwa hadi Nm 245 hazimshindi mtu wa kawaida mwenye bomba la urefu huo. Kwa hiyo msuli si jambo la kwanza. Ugumu wa kazi hii uko katika kuizuia krenki isizunguke pamoja na bolti, na katika kuhakikisha kwamba soketi imekaa sawasawa kichwani.

Tenganisha waya hasi wa betri, weka kabari kwenye magurudumu ya nyuma, inua upande wa mbele kulia, kisha uliegemeze gari juu ya stendi imara. Usiliache gari juu ya jeki peke yake, kwani utalivuta kwa nguvu likiwa limeinuliwa. Toa gurudumu na plastiki ya ndani ya bodi, halafu ulegeze na kuondoa mkanda wa nje. Kichwa cha bolti ni cha milimita 19. Tumia soketi yenye pembe 6, ya ukuta mnene, kwa sababu ile yenye pembe 12 hugusa ncha za kichwa tu na ndiyo inayokula vichwa vingi. Ukihitaji kiungo cha kurefusha soketi, kiwe kifupi iwezekanavyo, na ncha yake ya nje uiegemeze juu ya stendi ya pili ili isipinde na kuitoa soketi kichwani.

Kuhusu kuizuia krenki, gari la gia za kawaida huweza kuwekwa gia ya 5 huku mwenzako akikanyaga breki kwa nguvu zote. Gari la otomatiki halina njia hiyo, na magari mengi tunayoagiza kutoka Japani ni ya namna hiyo. Baadhi ya mafundi huingiza bisibisi kwenye meno ya flaiwili (gurudumu zito lililofungwa nyuma ya krenki) kupitia tundu la stata. Mimi sipendi njia hiyo, kwa kuwa jino moja likimeguka gharama yake huzidi kazi yote. Njia ninayoiamini ni kutengeneza kishikio: chukua chuma bapa cha unene wa milimita 10 na urefu wa sentimita 70 hivi, kitoboe tundu kubwa la kupitisha soketi, kisha matundu mawili madogo yanayolingana na yale mawili yenye hesi yaliyo kwenye uso wa puli, na ukifunge hapo kwa bolti mbili ngumu. Ukisimama ukiitazama puli, mbele ya gari iko kulia kwako. Bolti hufunguka kinyume cha mwendo wa saa, kwa hiyo kishikio kikielekezwa nyuma ya gari kitataka kushuka, nacho kitazuiwa na gogo uliloliweka chini. Bomba la kufungulia lielekee mbele, nawe ulivute kwenda juu.

Vuta polepole, mgongo ukiwa umenyooka, na uongeze nguvu hatua kwa hatua bila kurusharusha mwili, wala usiweke uso au mkono mahali ambapo bomba litapita likiteleza. Bolti ikikubali hutoa mlio mkali wa ghafla, na wengi hudhani imekatika. Kinachopaswa kukutia wasiwasi ni hali iliyo kinyume: ukihisi inazunguka kwa ulaini bila mlio wowote, simama, kwa maana huenda chuma kinajinyonga au soketi inakula kichwa.

Mashine ya kufungulia kwa mapigo, ya upepo au ya betri, hurahisisha mno, kwani mapigo yake ni mafupi kiasi kwamba uzito wa krenki yenyewe huizuia isizunguke. Piga kwa sekunde chache, pumzika, kisha urudie. Usitumie moto hapa: sili ya oili iko nyuma tu ya puli, na puli nyingi zina mpira wa kupunguza mtikisiko ambao huharibika kwa joto. Moto ufae kwa bolti za ekzosi.

Ipo pia njia ya kuegemeza mpini chini na kupiga stata. Naisihi kila familia yenye gereji ya uani iiache. Mpini huweza kuruka na kumvunja mtu mkono, na kwenye injini za zamani za Honda zinazozunguka kinyume cha saa, stata huikaza bolti badala ya kuilegeza.

Wakati wa kurudisha, safisha hesi, paka tone la oili, na ukaze kwa spana ya toki, ile inayoonyesha nguvu ya kukaza, hadi Nm 128, wala si kwa mashine. Bolti iliyolegea huiacha puli icheze, ikale kii (kipande kidogo cha chuma kinachoishikiza puli kwenye krenki) na hatimaye ncha ya krenki yenyewe, hasara ambayo humlazimu mtu kufungua injini nzima. Ukimaliza, chora mstari wa rangi kutoka kichwa cha bolti hadi kwenye puli, na baada ya wiki moja ya kutembea uangalie kama bado umenyooka.