Kumkinga kijana mwenye kisukari cha aina ya kwanza na matatizo ya ulaji

Kabla ugonjwa haujagunduliwa kijana alikonda, na alipoanza insulini uzito ukarudi. Baadhi ya vijana hawa, hasa wasichana walio katika balehe, hutambua kwamba dozi ikirukwa sukari hutoka na mkojo na mwili hupungua, na hapo hatari huanza. Kwa hiyo mwelezeni mapema, mkiwa na muuguzi au daktari wake, kwamba uzito uliorudi ni ule ambao ugonjwa ulikuwa umeuchukua, na kwamba sukari ikishuka mara kwa mara dozi hurekebishwa, asilazimike kula kila saa ili kuipandisha.

Nyumbani msimpikie sufuria yake ya peke yake; ale ugali, wali au chapati pamoja na wenzake, kwa kiasi kinacholingana na dozi. Neno "umenenepa", ambalo kwetu husemwa kama salamu tu, likatazwe hata kwa mashangazi na wageni. Kipimo kikisoma juu, msianze kwa kuuliza "umekula nini?", kwa kuwa mtoto anayekaripiwa kwa sababu ya namba hujifunza kuandika namba za uongo.

Insulini nayo isiachwe mikononi mwake peke yake kwa sababu tu ameingia sekondari. Kichupa cha mililita 10 chenye uniti 100 kwa kila mililita kina uniti 1,000, hivyo anayetumia uniti 40 kwa siku hukimaliza kwa siku 25. Kikidumu siku 40, kuna dozi zinazorukwa. Angalieni pia kipimo cha HbA1c (kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi miwili au mitatu iliyopita) kinachopanda bila sababu, kujificha wakati wa kudunga na kula kwa siri. Hata hivyo, kabla ya kumshuku, hakikisheni kwamba tatizo si uhaba wa dawa au aibu ya kujidunga bwenini, mambo ambayo ni ya kawaida kabisa.

Mkithibitisha kwamba anaruka dozi ili apungue, msimtishe kwa habari za upofu na figo, ambazo huenda amekwisha kuzisikia kliniki. Muulizeni kwa utulivu, "Mwanangu, kuna siku unaona vigumu kudunga?", kisha mzazi asimamie kila sindano kwa muda, huku daktari akipanga upya dozi na kumhusisha mtaalamu wa lishe na wa afya ya akili. Akitapika, akipumua haraka na kwa kina, au akisinzia isivyo kawaida, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.