Namna ya kuichambua namba 2.345.409, eneo la nchi yetu

Kila aliyesoma shule hapa Lubumbashi amekariri kwamba Kongo ina kilomita za mraba 2.345.409, lakini ni wachache waliowahi kuifungua namba hiyo waone imeundwa na nini. Kalamu na karatasi moja vinatosha, ilimradi kazi ianzie mahali panapofaa.

Kabla ya kugawanya, zitazame tarakimu. Namba inaishia na 9, kwa hiyo ni witiri, na 5 haiigawi. Jumla ya tarakimu zake ni 27, ambayo inagawanyika kwa 9; basi namba nzima nayo inagawanyika kwa 9, na jibu ni 260.601. Tarakimu za jibu hilo zinafanya 15, kwa hiyo gawanya tena kwa 3 upate 86.867. Ili kuijaribu 11, toa na ujumlishe tarakimu kwa zamu: 8 − 6 + 8 − 6 + 7 = 11. Imo, na kinachosalia ni 7.897.

Hapa panataka subira. Kipeuo cha pili cha 7.897 hakifiki 89, kwa hiyo unajaribu namba tasa kuanzia 7 hadi 83 tu. Kama usingeipunguza namba kwanza, ungelazimika kuwa tayari kufika hadi 1.531. Mpwa wangu aliifanya hesabu hii kwa chaki kwenye saruji ya baraza letu, akapanda vizuri hadi 47, akaona inaingia mara 168 na kubakiza 1 tu, akachoka, akaandika chini yake "tasa". Nilimwomba ajaribu moja zaidi. Iliyofuata, 53, inaingia mara 149 kamili. Na 149 ni tasa, kwa kuwa 2, 3, 5, 7 na 11 zote haziigawi, na 13 mara 13 tayari ni 169.

Sasa andika: 2.345.409 = 3³ × 11 × 53 × 149. Ongeza 1 kwenye kila kipeo kisha uzidishe, 4 × 2 × 2 × 2, utaona kwamba namba hii ina vigawo 32. Jumla ya vigawo hivyo ni (1 + 3 + 9 + 27) × 12 × 54 × 150, yaani 3.888.000. Ukiondoa namba yenyewe inabaki 1.542.591, ambayo ni ndogo kuliko 2.345.409, kwa hiyo, katika mpangilio wa zamani wa Nicomachus wa Gerasa, mwanahisabati wa Kiyunani wa kale, hii ni namba pungufu, tofauti na 28 iliyo kamilifu (vigawo vyake vingine vinafanya 28 yenyewe) na 12 iliyo zidifu (vyake vinaipita). Kwa witiri hilo ni jambo la kawaida, kwani witiri zidifu ya kwanza kabisa ni 945.

Rudi sasa kwenye ile 27 ya mwanzo. Kwa kuwa 27 ni 3³, jumla ya tarakimu inaigawa namba yake yenyewe bila baki, mara 86.867. Namba za namna hiyo D. R. Kaprekar, mwalimu wa shule huko India, aliziita Harshad, neno la Kisanskriti lenye maana ya mleta furaha.